Rivolva Ndogo ya Kubeba kwa Siri: Inamfaa Nani?

Katika maduka ya silaha ya Marekani kuna mazoea yaliyodumu miaka mingi. Akiingia mwanamke, mzee, au mtu yeyote ambaye hajawahi kushika bastola, muuzaji hufungua kabati la kioo na kumtolea rivolva ndogo ya risasi tano. Maelezo huwa yaleyale: ni nyepesi, haina vitufe vya kumchanganya mtu, haikwami, ukivuta inalia. Mnunuzi anaishika, anaiona imekaa vizuri kiganjani, analipa. Kila alichoambiwa kina ukweli ndani yake. Lakini maneno hayo yakijumlishwa yanampotosha, kwa sababu silaha aliyopewa kana kwamba ni ya mwanafunzi ni mojawapo ya bastola ngumu zaidi kulengea shabaha kati ya zote zilizomo kabatini.

Nimeona tulichambue jambo hili kwa Kiswahili kwa sababu limeshafika mlangoni kwetu. Kwa miaka kadhaa Kongo iliongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokewa Marekani, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili. Wakenya na Watanzania nao wametapakaa kutoka Minnesota hadi Texas. Wengi wetu huko hufanya kazi za usiku na za barabarani: malori, teksi, vituo vya mafuta, maghala, kutunza wazee. Mtu akishaporwa mara moja, au akisikia mwenzake amevamiwa, swali la bastola huingia nyumbani. Jibu analolipata mara nyingi hutoka kwa muuzaji, au kwa rafiki ambaye naye aliambiwa na muuzaji.

Msimamo wangu nautaja mapema. Rivolva ndogo ni silaha nzuri kwa mtu aliye tayari kuifanyia mazoezi. Ni silaha mbaya kwa anayeinunua ili aepuke mazoezi. Na ziko nyumba ambazo haifai kuwamo kabisa.

Asili yake inaeleza mengi kuhusu tabia yake. Mwaka 1927 kampuni ya Colt ilitoa Detective Special, rivolva ya mtutu mfupi na risasi sita, kwa ajili ya askari kanzu waliohitaji silaha ya kufichika chini ya koti. Mwaka 1950 Smith & Wesson wakaja na ndogo zaidi. Waliipeleka kwenye mkutano wa wakuu wa polisi mjini Colorado Springs, na hapo ndipo ilipopata jina lake, Chiefs Special. Wahandisi walikuwa wameondoa risasi moja, wakabakiza tano za .38 Special, ili silinda iwe nyembamba. Uamuzi huo unatawala hadi leo: silinda ya bastola hizi ina upana wa sentimita 3.3 hivi, na fremu yake, inayojulikana kwa herufi J, imekuwa kipimo ambacho wengine wote hupimwa nacho.

Tangu hapo maboresho yamekuwa ya kufichika na ya wepesi. Mwaka 1952, kampuni hiyo ilipotimiza miaka mia, ilitoa Centennial, ambayo nyundo yake imefunikwa kabisa ndani ya fremu ili isinase nguoni. Mwaka 1965 ikatoa Model 60, rivolva ya kwanza ya chuma kisichoshika kutu, jambo kubwa kwa silaha inayolala siku nzima karibu na jasho la mwili. Fremu za alumini zikashusha uzito hadi gramu 400 hivi, kama ilivyo kwa Model 642, ambayo pengine ndiyo utakayotolewa kwanza ukiuliza dukani. Mwaka 2009 Ruger wakaleta LCR, yenye sehemu ya plastiki ngumu na kifyatulio laini kuliko ilivyozoeleka. Colt nao waliirudisha Cobra mwaka 2017 ikiwa na risasi sita, na Taurus wa Brazil wanauza za kwao kwa bei nafuu zaidi.

Sifa zake za kweli hazina budi kutajwa kwa haki. Bastola ya magazini hutegemea kila risasi irudishe nyuma sehemu yake ya juu, itoe ganda na kuvuta risasi nyingine. Mkono ukilegea, risasi ikiwa mbovu, au mtutu ukisukumwa kwenye mwili wa mvamizi mkiwa mnakabana, mzunguko huo unaweza kukatika na silaha ikanyamaza baada ya mlio mmoja. Rivolva haihitaji hayo. Nguvu ya kidole ndiyo inayozungusha silinda, na risasi moja isipolipuka unavuta tena, tundu linalofuata linakuja. Katika mashambulizi ya karibu kabisa, ambayo ndiyo yanayompata mtu kwenye maegesho ya magari au kwenye ngazi za jengo, sifa hii ina uzito.

Umbo lake nalo linasaidia. Mpini mdogo wa mviringo hautokezi pembe kwenye nguo. Mtu anaweza kusimama kituoni, mkono mfukoni mwa koti, ameshaushika mpini, wala asiyekuwa na habari asijue. Na mwenye baridi yabisi vidoleni, asiyeweza kuvuta nyuma sehemu ya juu ya bastola ya magazini, anaweza kuijaza rivolva bila kuteseka.

Ila huyohuyo mwenye baridi yabisi ndiye atakayepata shida kwenye kifyatulio, na hapa ndipo maelezo ya dukani yanapoanza kupwaya. Kifyatulio cha rivolva ndogo, nyundo ikiwa haijakokiwa, huhitaji nguvu ya karibu kilo 5 na nusu. Silaha yenyewe haifiki nusu kilo. Kidole kimoja kinavuta, kwa mwendo mrefu, nguvu inayozidi uzito wa silaha mara kumi na zaidi. Matokeo yake mkono mzima hukaza, mtutu huinama au hukimbilia pembeni katika nusu ya mwisho ya mvuto, na risasi hupita pasipokusudiwa. Vilengeo navyo havisaidii: kwa miaka mingi vimekuwa mfereji mwembamba juu ya fremu na kinundu mbele, na gizani macho hayavioni. Smith & Wesson walitoa mwaka 2024 matoleo yenye vilengeo vinavyoonekana na mpini ulionyanyuliwa, na kwangu hayo ndiyo mabadiliko ya maana zaidi katika aina hii kwa muda mrefu. Yalichelewa.

Halafu kuna teke. Risasi ileile ya .38 ambayo katika rivolva kubwa ya chuma inasukuma mkono kwa upole, katika silaha ya gramu 400 inauma kiganja na kumfanya mtu afumbe macho kabla ya mlio. Watu wengi hupiga risasi kumi au kumi na mbili siku ya kwanza, wakairudisha ndani ya sanduku, na wasirudi tena uwanja wa shabaha. Baada ya hapo wanaibeba kila siku wakiamini kwamba wamejikinga, ilhali hawajui risasi zao huangukia wapi. Hii ndiyo hasara kubwa ya silaha nyepesi. Wepesi unaomfurahisha mtu anapoibeba unamfukuza asiipige.

Kwa sababu hiyo siwashauri watu kukimbilia zile za .357 Magnum zilizotengenezwa kwa aloi ya skandiamu, zenye uzito wa gramu 330 hivi. Risasi ya .357, iliyozaliwa mwaka 1935, ilibuniwa kwa rivolva kubwa zenye mitutu mirefu. Kwenye mtutu wa chini ya sentimita 5 sehemu ya baruti huungulia nje. Unapata mwako unaopofusha usiku, mlio wa kuumiza masikio na teke la kikatili, kisha ongezeko la kasi ambalo ni dogo kuliko ulivyotarajia. Anayetaka .357 achukue ya chuma kama SP101 ya Ruger, yenye gramu 700 na ushee, na hata hiyo aijaze .38. Silaha iliyochongwa kwa .357 inakubali .38 bila tatizo. Kinyume chake hakiwezekani.

Wanaoumizwa na teke wana njia nyingine, nayo ni .32 H&R Magnum. Inapunguza mshtuko kwa kiasi kinachohisiwa mara moja, na silinda ya ukubwa uleule inabeba risasi sita badala ya tano. Upungufu wake ni kwamba risasi zenyewe hazipatikani kila duka. Ya .22 ni rahisi kupiga na bei yake ni ndogo, lakini fataki yake imo kwenye ukingo wa ganda na hugoma mara nyingi zaidi. Ninaikubali kwa mazoezi. Kwa kujihami ningeitumia tu kama mkono hauwezi kitu kingine.

Kuhusu risasi zenyewe, kuna tukio moja lililobadilisha fikra za watengenezaji. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, maafisa wa FBI walikabiliana na majambazi wawili wa benki. Maafisa wawili waliuawa, wengine watano wakajeruhiwa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba risasi iliyompiga mmoja wa majambazi mapema ilisimama kabla ya kufika moyoni. Kutokana na hapo FBI iliweka kipimo ambacho bado kinatumika: risasi ipenye kwenye jelatini kati ya sentimita 30 na 45. Rivolva ya mtutu mfupi inahangaika na kipimo hicho. Risasi yenye kitobo mbele, ambayo hutakiwa kupanuka inapogonga, ama haipati kasi ya kupanuka, ama inapanuka na kusimama mapema. Ziko chache zilizotengenezwa mahsusi kwa mitutu mifupi, na inafaa kuzitafuta. Wapo pia wapigaji wazoefu wanaochagua risasi ya shabaha yenye uso bapa na baruti kidogo: haipanuki, lakini inapenya vya kutosha, na teke lake linavumilika hata na mkono wa mzee. Mimi naona hoja yao ni nzito, kwa sababu risasi dhaifu iliyofika mahali pake inazidi ile kali iliyokwenda ukutani. Jambo moja lisisahaulike: risasi zenye alama ya +P zina mgandamizo mkubwa zaidi, na rivolva nyingi za zamani hazikujengwa kuzihimili. Anayenunua iliyotumika asome kwanza maandishi ya kwenye mtutu.

Kauli ya "haikwami" nayo inahitaji kunyooshwa. Rivolva hukwama mara chache, lakini ikikwama huwa imekwama kweli, hadi fundi aiguse. Chembe za baruti isiyoungua zikiingia chini ya kinyota kinachosukuma maganda, silinda haifungi. Kijiti cha kutolea maganda kikilegea, haifunguki. Katika zile nyepesi mno, teke la risasi moja linaweza kuzivuta risasi zilizobaki zitokeze kwenye maganda yake mpaka silinda igome kuzunguka. Bastola ya magazini hukwama mara nyingi zaidi, lakini aliyefunzwa huirudisha kazini kwa sekunde mbili.

Kujaza upya ni somo jingine. Risasi tano zimekwisha. Mtu anasukuma kitufe cha kushoto, silinda inachomoza nje. Anauinua mtutu uelekee juu ili maganda yaanguke kwa uzito wake, kisha anakipiga kijiti kwa kiganja. Kwa kuwa mtutu ni mfupi, kijiti nacho ni kifupi kuliko ganda la .38, hakilisukumi hadi mwisho. Ganda moja linabaki nusu ndani nusu nje, limebanwa na mpini, analing'oa kwa ukucha. Ndipo anaingiza risasi mpya, mbili mbili, kutoka kwenye kipande cha mpira kinachozishika kwa safu, anaifunga silinda kwa mkono. Aliyezoea anamaliza upesi. Asiyezoea, mikono ikitetemeka, risasi zinamwagika sakafuni. Kwa hiyo anayebeba rivolva ndogo ahesabu kwamba ana risasi tano, basi.

Hapa lazima niseme wazi jinsi nyakati zilivyobadilika. Hadi miaka ya 1990 mtu aliyetaka silaha ndogo ya kutegemewa hakuwa na chaguo pana. Mwaka 2018 SIG Sauer walitoa P365, bastola ya milimita 9 ambayo ni nyembamba kuliko silinda ya rivolva, ina uzito wa kama nusu kilo, na inabeba risasi kumi kwenye magazini na moja kwenye mtutu. Wengine wakafuata. Risasi zake ni nafuu kuliko za .38, kifyatulio chake ni chepesi, na vilengeo vyake vinaonekana. Kwa mtu wa kawaida mwenye mikono yenye afya, anayeanza leo, bastola ya aina hiyo pamoja na mafunzo ndiyo njia fupi zaidi ya kufikia uwezo wa kulenga. Rivolva ndogo inabaki na nafasi kwa makundi machache: asiyeweza kuvuta sehemu ya juu ya bastola lakini ana kidole chenye nguvu, anayevaa nguo zisizoruhusu mkanda na hivyo kutegemea mfuko, na mpigaji mzoefu anayetaka silaha ya pili. Kumwekea kila mwanamke rivolva ndogo mkononi ni dharau iliyovikwa sura ya msaada.

Atakayeamua kuichukua, mimi ningemwelekeza kwenye .38, yenye nyundo iliyofunikwa, na kama mfuko unaruhusu, ya chuma badala ya alumini. Gramu 150 za ziada hazionekani mbele ya mtu mwenye mkanda imara, lakini kiganja kitazishukuru kila siku ya mazoezi. Aweke mpini mnene wa mpira unaojaza mkono. Mazoezi ya kuvuta kifyatulio bila risasi, silinda ikiwa imekaguliwa mara mbili na sanduku la risasi likiwa chumba kingine, hayagharimu kitu na hujenga kidole kuliko chochote. Vidole vikae mbali na upenyo kati ya silinda na mtutu, maana hapo hutoka gesi kali inayoweza kuchana ngozi. Na asiwe mtu wa kuifunga silinda kwa kutikisa mkono kama waigizaji wa sinema. Ule mtindo hupinda mhimili wake.

Ubebaji wenyewe una kanuni moja isiyo na mjadala: kifyatulio kifunikwe na ala ngumu, na mfuko wenye bastola usiwe na kitu kingine, si funguo, si sarafu, si kalamu. Ala ya mfukoni hugharimu kidogo. Mkoba wa mkononi ndio ninaoupinga kwa nguvu zote. Mkoba huibwa, husahaulika, huwekwa kwenye kiti au kwenye toroli la dukani, na watoto huupekua. Tarehe 30 Desemba 2014, katika duka la Walmart mjini Hayden, jimbo la Idaho, mtoto wa miaka miwili aliingiza mkono kwenye mkoba wa mama yake, akaikuta bastola, ikalia, mama akafa palepale. Mama huyo alikuwa na kibali, na mkoba ulikuwa na mfuko maalumu wa silaha. Wasemao kwamba kifyatulio kizito cha rivolva ni kinga dhidi ya mtoto wasitegemewe: mtoto hutumia vidole gumba viwili, akiwa ameuelekeza mtutu kwake mwenyewe.

Sheria ndiyo sehemu inayowaponza wageni kuliko vifaa. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Bruen, ilibatilisha sharti la jimbo la New York lililomtaka mwombaji aonyeshe sababu ya pekee ndipo apewe kibali cha kubeba. Zaidi ya nusu ya majimbo hayadai kibali chochote kwa mtu mzima asiye na zuio la kisheria. Mtu akisikia hivyo hudhani nchi nzima iko wazi. Haiko. Kibali cha jimbo moja hakivuki mpaka chenyewe. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye kibali halali cha Pennsylvania, aliingia New Jersey na bastola yake, akamwambia askari kwa uaminifu kwamba anayo, akakamatwa na kukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka mitatu na nusu. Aliokolewa na shinikizo la umma na, mwaka 2015, msamaha wa gavana Chris Christie. Dereva wa lori anayepita majimbo sita kwa wiki ana sheria sita za kuzijua kabla ya kuwasha injini. Shule na posta kwa kawaida ni marufuku, na viwanja vya ndege vina mtego wake: mwaka 2023 wakaguzi walizikamata silaha 6,737 kwenye vizuizi vya ukaguzi, nyingi mno zikiwa na risasi ndani, na wenyewe wengi walijitetea kwamba walisahau.

Kwa asiye raia mambo ni mazito zaidi. Mkazi wa kudumu mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua. Mwanafunzi au mgeni mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa kwa vighairi vichache kama vile leseni ya kuwinda. Asiye na hati haruhusiwi kabisa. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mwenzi wake amezuiwa, hata kama kosa lilionekana dogo mahakamani, na Juni 2024 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba aliye chini ya amri ya mahakama ya kumlinda mwenzi anaweza kunyang'anywa haki hiyo. Na hili lisomwe mara mbili: kwa asiye raia, kutiwa hatiani kwa kosa la silaha ni sababu tosha ya kufukuzwa nchini. Raia anaweza kulipa faini au kufungwa akarudi kwake. Mkimbizi aliyesubiri miaka kumi na tano kambini anaweza kupoteza yote kwa bastola iliyosahaulika chini ya kiti cha gari.

Kisha kuna suala ambalo majarida ya silaha ya Marekani huliandika kwa haraka, lakini sisi hatuwezi kulipita. Julai 2016, katika kitongoji cha Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile alisimamishwa barabarani. Alikuwa mtu mweusi, mfanyakazi wa mkahawa wa shule, mwenye kibali cha kubeba silaha. Alimwarifu askari kwamba anayo. Muda mfupi baadaye alipigwa risasi na kufa, mchumba wake na mtoto wakiwa ndani ya gari. Askari yule alishtakiwa, na mwaka 2017 baraza la mahakama likamwachia huru. Mtu mweusi mwenye lafudhi ya Kongo au ya Pwani, anayesimamishwa usiku, anaingia katika hatari ambayo kibali hakiiondoi. Mikono ibaki kwenye usukani, taa ya ndani iwashwe, mwendo uwe wa polepole, na asichukue chochote mpaka aambiwe, na akiambiwa aseme kwanza mkono wake unakwenda wapi. Anayeona kwamba hawezi kuishi na hatari hiyo ana sababu nzuri ya kutobeba, na asiitwe mwoga.

Nimelibakiza la nyumbani kwa sababu ndilo linaloua wengi. Mwaka 2023 Wamarekani 46,728 walikufa kwa bunduki na bastola, na kati yao kama 27,300 walijiua wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la tiba la New England, uliowafuatilia wakazi zaidi ya milioni 26 wa California, ulikuta kwamba wanaume wenye bastola hujiua kwa silaha mara nane ya wasio nazo, na wanawake mara 35. Sababu haifichiki. Msongo wa mawazo huja kwa mawimbi, na wimbi moja likipita bila njia ya kufa kuwa karibu, wengi huishi. Bastola iliyo kwenye droo haitoi nafasi ya kughairi.

Katika jamii zetu sonona haitajwi kwa jina lake. Tunasema mtu amebadilika, amekuwa mkimya, halali, anakunywa. Kijana aliyelelewa kati ya lugha mbili, baba aliyekuwa mwalimu Bukavu na sasa anasukuma mikokoteni ya ghala usiku, mama aliyeachwa peke yake na bili: hao wote wamo nyumbani mwa mtu fulani anayesoma makala haya. Ikiwa yumo kwako, silaha isiingie. Kama tayari imo, itoke kwa muda, ikakae kwa ndugu anayeaminika na anayeruhusiwa kisheria, au kwenye duka linalokubali kuhifadhi. Ukiwa Marekani, namba 988 hupokewa saa zote, na unaweza kuomba mkalimani.

Kwa watakaorudi likizo Afrika Mashariki, neno ni fupi. Kibali cha Marekani hakina thamani yoyote Nairobi wala Dar es Salaam. Kenya ina Bodi ya Leseni za Silaha, ambayo mwishoni mwa 2018 ilianza kuwahakiki upya raia wote wenye leseni, na Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Hata risasi moja iliyosahaulika kwenye mfuko wa begi ni kesi.

Kwa wewe ambaye umeshapima yote haya na bado unaitaka: usinunue siku ya kwanza. Nenda uwanja wa shabaha unaokodisha, uchukue rivolva ya aina hiyohiyo, upige sanduku moja la risasi 50 ukiwa umeziba masikio na kuvaa miwani. Weka sahani ya karatasi umbali wa mita tano. Kama mwisho wa sanduku risasi tano za mfululizo haziingii kwenye sahani, lipia mafunzo kabla ya kulipia silaha, au jaribu bastola nyingine. Na siku utakayonunua, nunua pia sefu ndogo yenye kufuli la kweli, ifungwe ukutani au sakafuni kabla bastola haijalala usiku wake wa kwanza nyumbani. Kama fedha haitoshi kwa vyote viwili, bastola isubiri.